Hivi Waairishi wanasemaje springi imeanza tarehe 1 Februari na nje kuna mvua ya mawe?

#1 Mtu_wa_Makete
Wakuu salaam. Mimi ni mgeni hapa Dublin, nimekuja masomoni. Juzi supavaiza katuambia Jumatatu hakuna kazi, ni sikukuu ya Mtakatifu Brigida, halafu akaongeza kwa furaha kabisa "winta ndo imeisha hivyo". Nikageukia dirishani, mvua ya mawe inapiga vioo, watu wamejikunyata na makoti. Mimi nimetoka Makete, baridi naijua sio mgeni nayo, lakini shuleni tulikaririshwa springi ya Ulaya inaanza Machi.
Sasa kilichonichanganya zaidi, jamaa mmoja darasani akasema huyo Brigida wala hajawahi kuwa mtakatifu, alikuwa mungu mke wa Wakelti wa zamani wa kuleta mwanga, Kanisa lilimvalisha shela tu. Mwingine akamjia juu akasema hizo ni stori za intaneti. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Nyie mnaojua, hii sikukuu imetoka wapi na kwa nini Februari 1?

#2 MsomajiTu
Napita kwanza, nitarudi wajuzi wakishakuja.

#3 Nesi_Galway
Karibu Ireland mdogo wangu, nunua koti zito, mengine yatafuata.
Iko hivi. Hawa wenzetu mwaka wao wa zamani una malango manne: Samhain tarehe 1 Novemba, Imbolc 1 Februari, Bealtaine 1 Mei na Lughnasadh 1 Agosti. Kwa hesabu hiyo Februari, Machi, Aprili ndio majira ya kuchipua, na mtoto wa shule ya msingi huku ukimuuliza atakujibu hivyohivyo. Machi ni ya watu wa idara ya hali ya hewa.
Halafu usiangalie baridi, angalia mwanga. Desemba 21 hapo Dublin jua linazama saa kumi na dakika chache jioni, mchana mzima ni kama masaa saba na nusu. Ikifika Februari 1 linazama karibu saa kumi na moja na mchana umefika masaa tisa. Wewe umetoka kwetu ambako jua halina habari na mwezi, ngoja ukae winta nzima ndo utaelewa kwa nini mzee wa miaka themanini anasimama kwenye kordo anakwambia "umeona jioni zilivyonyooka?" Huo ndo wimbo wa Waairishi kuanzia Januari mwishoni, wataimba mpaka Juni.
Kuhusu mungu mke sijui, niko kazini usiku huu, nitarudi.

#4 Kevo_Cork
Niaje wasee. Msichanganye mambo mawili hapa. Sikukuu kama tarehe ni ya zamani sana lakini hiyo off ya Jumatatu ni ya juzi tu, imeanza 2023, ya kwanza ilikuwa Februari 6. Ni Jumatatu ya kwanza ya Februari, ila tarehe 1 ikianguka Ijumaa basi inakuwa hiyo Ijumaa. Ndio public holidei ya kumi huku na ndio ya kwanza kupewa jina la mwanamke. Kwa hivyo wewe lala mpaka saa sita, mambo ya mungu mke uachie wenye digrii.

#5 Chifu_Mbishi
#4 si ndo ile waliyopewa kwa ajili ya korona? Msitupake rangi hapa na Wakelti wenu.

#6 Kevo_Cork
Mkuu ya korona ilikuwa Machi 18, 2022, ya mara moja tu, kukumbuka waliokufa na kushukuru wahudumu. Zilitangazwa pamoja na hii ya Brigida, ndo maana watu wanazichanganya.

#7 Mama_Parokia
Tumsifu Yesu Kristo. Mtakatifu Brigita alikuwa malkia wa Uswidi, alikuwa na maono, akaanzisha shirika la masista. Hayo ya mungu mke ni upotoshaji.

#8 Mwalimu_Trans_Nzoia
Milele amina mama, lakini huyo ni mwingine. Brigita wa Uswidi ni wa karne ya 14, sikukuu yake Julai 23, na hakuwa malkia ingawa alikaa ikulu. Huyu wa Februari 1 ni Brigida wa Kildare, anahesabiwa alizaliwa karibu mwaka 451 na kufa karibu 525, ni msimamizi wa Ireland pamoja na Patrick na Colm Cille. Huku kwetu jina lake si geni, Kiminini kuna shule ya wasichana ya St. Brigid's, mmisionari Mwairishi akifika mahali haachi kumleta mtu wake.

#9 Mama_Parokia
Asante mwalimu. Bado ni upotoshaji lakini.

#10 Jicho_la_Tatu
Haya sasa nisikilizeni. Brigida mungu mke yupo kwenye maandishi kabisa. Kuna kamusi ya kale ya Kiairishi, ya kama mwaka 900, inaitwa Kamusi ya Cormac. Inasema Brigit ni binti wa Dagda, mungu wa kale wa Waairishi, aliyeabudiwa na washairi, na ana dada wawili jina hilohilo, mmoja wa tiba na mmoja wa uhunzi. Mashairi, dawa, moto wa mhunzi. Halafu angalia Kildare: Gerald wa Wales alifika karne ya 12 akaandika kwamba masista pale wanalinda moto usiozimika, wako kumi na tisa, kila mmoja na usiku wake, usiku wa ishirini wanauacha kwa Brigida mwenyewe aulinde. Moto umezungushiwa ua na mwanaume haruhusiwi kuvuka. Majivu hayaongezeki. Sasa niambieni ni utawa gani wa Kikristo una kitu kama hicho? Huo moto ulikuwepo kabla ya msalaba kufika, na ndio maana sikukuu yake imekaa pale mwanga unaporudi. Kanisa lilikuta watu hawataki kumuacha mungu wao, likambatiza.

#11 Chifu_Mbishi
Nani aliandika hiyo kamusi?

#12 Jicho_la_Tatu
Inahusishwa na Cormac mac Cuilennáin.

#13 Chifu_Mbishi
Ambaye alikuwa askofu. Askofu na mfalme wa Cashel, akafia vitani 908. Yaani shahidi wako wa upagani ni askofu aliyezaliwa karne kadhaa baada ya Patrick. Na maisha ya Brigida mtakatifu yaliandikwa na Cogitosus karne ya 7, miaka mia mbili KABLA ya hiyo kamusi, na mle hakuna mungu mke hata mmoja, kuna sista anafanya miujiza. Kwa hiyo kwa maandishi mtakatifu ndo katangulia. Mnapenda sana kusema Kanisa liliiba, lakini ukiuliza risiti hakuna.

#14 Jicho_la_Tatu
Maandishi Ireland yalikuja na Ukristo boss, unataka mpagani aandike na nini? Na Warumi walipokuwa Uingereza walichonga mawe ya mungu mke Brigantia kaskazini kule, kabila lake likiitwa Brigantes. Hiyo ni kabla ya Cogitosus na askofu wako wote wawili. Jina ni lilelile.

#15 Chifu_Mbishi
Jina kufanana. Mtaani kwetu kuna akina Juma watatu.

#16 MsomajiTu
😂😂😂 nimeweka alama kwenye huu uzi

#17 Vet_SUA
Mnabishana mbinguni, shukeni zizini kidogo. Hiyohiyo kamusi mnayogombania inasema msimu huu ni wakati maziwa ya kondoo yanapoanza kutoka. Na kuna hadithi nyingine ya kale, ya Cú Chulainn akimchumbia Emer, nayo inataja hii tarehe kwa habari ya kondoo kukamuliwa mwanzo wa majira ya kuchipua. Mimi hilo naliamini kwa sababu za kibaiolojia.
Kondoo wa Ulaya anapata joto la kupandwa siku zinapofupika. Giza likirefuka, ubongo unatoa melatonini kwa muda mrefu zaidi, ndo jike anafunguka, yaani vuli. Mimba ni kama miezi mitano. Kwa hiyo aliyepandwa mwanzoni mwa Septemba anazaa mwanzoni mwa Februari, na nyumba iliyokaa winta nzima bila maziwa mabichi inayapata tena. Kondoo wetu wa huku ikweta hawana hiyo saa, wanazaa mwaka mzima, ndo maana kwetu hakuna sikukuu ya namna hii. Mwanga unaorudi na maziwa yanayorudi ni kitu kimoja, wala huhitaji mungu wala mtakatifu.

#18 Nesi_Galway
Vet heshima yako, nimependa. Ila huku Galway kondoo wa milimani kule Connemara wanazaa Aprili, majani hayajaota Februari. Mume wangu kwao wanafuga, ukimwambia kondoo azae Februari 1 mlimani atakuuliza unataka kumuua. Labda wale wa mabondeni mashariki.
Nimetoka shifti sasa niwaambie niliyoyaona kwa macho. Kwanza ule msalaba. Unasukwa na nyasi za sehemu chepechepe, mikono minne imekaa kama inazunguka, unatundikwa juu ya mlango kulinda nyumba na moto na njaa. Zile nyasi unazing'oa kwa mkono, hazikatwi kwa kisu, ukikata mama mkwe anakuangalia vibaya. Televisheni ya taifa ilipoanza mwaka 1961 iliuchukua huo msalaba kuwa nembo yake.
Pili kuna kitambaa cha Brigida. Usiku wa Januari 31 unaacha kitambaa au utepe nje, kichakani au dirishani, kwa sababu Brigida anapita usiku huo akibariki. Asubuhi unakiingiza ndani, ni dawa ya kichwa, na zamani walimwekea mzazi au ng'ombe anayezaa kwa shida. Nilikuwa na mgonjwa bibi mmoja, kitambaa chake amekihifadhi kwenye bahasha, kichwa kikimuuma anafunga, na panadoli anakunywa pia. Nikamuuliza kipi kinafanya kazi, akaniambia wewe kwa nini unataka kuwagombanisha.

#19 Mama_Parokia
Hapo sasa. Mbona sisi tunabeba maji ya baraka nyumbani na hakuna anayetuita wapagani.

#20 Jicho_la_Tatu
Mama umekubaliana na mimi bila kujua.

#21 Mama_Parokia
Sijakubaliana na wewe kitu chochote kijana.

#22 Injinia_Mawe
Mmesahau mawe. Nendeni Newgrange, lile kaburi la kale, jua la asubuhi linaingia ndani kama dakika 17. Wakelti walilijenga makusudi kwa ajili ya Imbolc.

#23 Kevo_Cork
Injinia pole pole. Newgrange ni Desemba 21 na siku chache pembeni yake, sio Februari. Na ilijengwa kama miaka 3200 kabla ya Kristo, Wakelti hata hawajulikani wako wapi wakati huo. Watu huomba kwa bahati nasibu kuingia ndani asubuhi ile, na ukishinda mawingu yanaweza kukunyima show.
Unayoitaka ni ile ya Tara, wanaita Kilima cha Mateka. Ile ndo jua linachomoza usawa wa mlango wake karibu na Novemba mwanzo na Februari mwanzo.

#24 Injinia_Mawe
Haya basi Tara. Hoja yangu iko palepale, hizo tarehe zilikuwa zinapimwa maelfu ya miaka kabla ya huyo sista na kabla ya hao kondoo wenu.

#25 Chifu_Mbishi
Jua linapita kila sehemu ya upeo mara mbili kwa mwaka, ukiondoa zile ncha mbili. Tundu lolote linaloangalia kusini mashariki litapata miale tarehe fulani mbili. Hata choo cha bibi yangu kina tarehe zake.

#26 Binti_Makunduchi
Asalaam alaykum. Nimesoma yote nikacheka. Kwetu Makunduchi tuna Mwaka Kogwa, asili yake ni Nairuzi ya Waajemi, na Nairuzi kwa Waajemi ni siku ya majira ya kuchipua kabisa, usiku na mchana vinalingana. Lakini sisi tunaisherehekea Julai! Sababu ni kwamba mwaka wa Nairuzi wa pwani una siku 365 kavu, hauna ile siku ya nyongeza, kwa hiyo kila miaka minne unateleza siku moja. Sikukuu ya mwanga wa machipuo ikateleza hadi kipupwe na watu wanachapana na migomba vilevile, kibanda kinachomwa vilevile. Sasa mtoa mada analia baridi, hajiulizi kama na hao kalenda yao ilihama?

#27 Mwalimu_Trans_Nzoia
Binti hilo ni swali zuri. Ilihama kweli. Uingereza na Ireland zilibadili kalenda mwaka 1752, zikaruka siku 11. Kwa hiyo Februari 1 ya babu zao wa kabla ya hapo ilikuwa inaangukia kama Februari 12 ya leo. Siku 11 mwezi huo ni mwanga mwingi sana, na majani yanaanza. Pengine watu walibaki na tarehe, hali ya hewa ikabaki nyuma.

#28 Chifu_Mbishi
Mwalimu hiyo ni kwa karne ya 18. Wakati wa Cogitosus tofauti ilikuwa siku tatu tu. Kwa hiyo walipoanza walikuwa wanatetemeka kama Mtu_wa_Makete.

#29 Mtu_wa_Makete
Nimewasha hita nasoma. Endeleeni.

#30 Lushois_Bruxelles
Bonjour banduku. Miye niko huku Bruxelles. Tarehe 2 Februari batu ba huku wanakulaka makrepu, wanaita Chandeleur, unarusha krepu mu hewa na mukono moja, mu mukono ingine umeshika pesa, juu mwaka yote usikose makuta. Sasa hii ni siku moja nyuma ya yenu. Padri anasema ni Yesu kupelekwa hekaluni na kubariki mishumaa. Miye naona Kanisa ndo lilianza na mishumaa na Brigida akafuata tu.

#31 Deo_Ohio
Na huku Marekani hiyohiyo tarehe 2 wanamtoa mnyama shimoni, Punxsutawney, Pennsylvania, toka 1887. Akiona kivuli chake winta inaendelea wiki sita, asipokiona springi iko karibu. Wanaume wamevaa kofia ndefu wako siriasi kabisa wanaongea na panya mkubwa. Ile ni ya Wajerumani waliohamia, kwao walikuwa wanaangalia melesi, mnyama mwingine wa mashimoni.

#32 Nesi_Galway
Deo, na Waskoti wa Kigaeli walikuwa na nyoka! Anatoka shimoni siku ya Brigida. Huku kwetu nyoka hamna kwa hiyo tuna bibi kizee, Cailleach, ndiye winta mwenyewe. Siku hiyo anatoka kuokota kuni. Jua likiwaka anaokota nyingi, ujue baridi itaendelea, mvua ikinyesha ujue amelala na kuni zinamwishia. Kwa hiyo Makete, hiyo mvua yako ya mawe ni habari njema.
Brigida naye inasemwa aliahidi kwamba kuanzia siku yake, kila siku ya pili itakuwa ya jua. Sijawahi kuiona hiyo siku ya pili.

#33 MsomajiTu
Kwa hiyo mpaka sasa tuna mungu mke, mtakatifu, kondoo, kaburi, kalenda, mishumaa na panya. Kuna mwingine?

#34 Druidi_wa_Mbezi
Mimi nafuata hii njia kwa kusoma. Gurudumu la Mwaka lina sikukuu nane, Imbolc ni mojawapo, Wakelti wa kale waliziadhimisha zote nane kwa moto na tafakari. Nawasha mshumaa mweupe kila mwaka Februari 1.

#35 Chifu_Mbishi
Washa mshumaa wako ndugu yangu hakuna anayekukataza, TANESCO wenyewe watakusaidia. Ila hilo gurudumu la nane ni la miaka ya 1950, limeunganishwa Uingereza na kina Gerald Gardner na Ross Nichols. Kwa Waairishi wa kale zilizo na ushahidi ni zile nne alizotaja Nesi hapo #3. Mwanahistoria Ronald Hutton wa Bristol ameandika kwamba ushahidi wa nini hasa kilifanyika siku ya Imbolc kabla ya Ukristo ni karibu na sifuri. Tunajua ilikuwepo na kondoo walihusika. Basi.

#36 Druidi_wa_Mbezi
Sio lazima kitu kiwe cha kale ndo kiwe cha kweli.

#37 Chifu_Mbishi
Hapo hata mimi sina la kusema, ila acha kuwasingizia marehemu.

#38 Vet_SUA
Chifu amesema kondoo. Nimeona.

#39 Mwalimu_Trans_Nzoia
Nami niongeze la mkulima, maana mnaongea kama mwaka unatengenezwa na makuhani. Kati ya 1937 na 1939 Tume ya Mila za Ireland iliwatuma watoto wa shule, kama shule 5,000, wakawahoji wazee nyumbani na kuandika kwenye madaftari. Yako mtandaoni bure, mimi huwa nawapa wanafunzi wangu waone kazi ya utafiti inavyoweza kufanywa na mtoto. Mle kuhusu siku ya Brigida utakuta mambo ya hesabu kavu: siku hiyo mkulima anaingia ghalani kuangalia kama nusu ya majani makavu ya ng'ombe bado ipo. Ikiwa nusu ipo, mifugo itafika Mei. Ikiwa imepungua, anza kuuza. Kwa macho yangu tarehe kama hiyo ni ya mtu mwenye ghala, ni mizania ya katikati ya winta, na mwanga, moto na mtakatifu vimekuja kuifanya ikumbukwe.

#40 Jicho_la_Tatu
Mwalimu lakini mtu mwenye ghala haweki doli la kike mlangoni. Kuna ile Brídeóg.

#41 Kevo_Cork
Hiyo nimeiona laivu, Killorglin kule Kerry, wanawaita Biddy Boys. Wanavaa kofia ndefu za majani makavu zinafunika uso mzima, wanabeba doli la Brigida, wanaingia nyumba kwa nyumba na kwenye baa wanapiga muziki na kucheza, unawapa kitu kidogo. Mtu mzima unakaa na painti yako mara mlango unafunguka, wanaingia watu wasio na sura. Mimi nilitoa euro kumi bila kuulizwa. Jirani yangu baa akaniambia ni kwa ajili ya kuleta mwanga na bahati, mwenzake akasema ni kwa ajili ya kuchangisha hela za klabu.
Na huo mji ni wa vituko, Agosti wana Puck Fair, wanakamata beberu wa mlimani wanamvisha taji, anakuwa mfalme siku tatu, tarehe 10 mpaka 12.

#42 Mama_Parokia
Beberu kuvishwa taji. Na mnaniambia mimi.

#43 Nesi_Galway
Kabla hamjahamia kwa mbuzi, nimalizie moto wa #10. Ulikaa mpaka Matengenezo ya Kanisa karne ya 16 ukazimwa, halafu 1993 masista wa Brigida wakauwasha tena hapohapo Kildare, na 2006 rais Mary McAleese akawasha mwingine uwanjani mjini. Masista wanaoulinda ni Wakatoliki safi, na wapagani wa kisasa wanakuja wanakaa nao, wanakunywa chai. Na huyo Cogitosus wa Chifu ndiye aliyeandika kwamba Brigida aliingia ndani amelowa mvua akatundika joho lake kwenye mwale wa jua, akidhani ni mti. Sasa Chifu, sista anatundika nguo kwenye mwanga, hapo unaweka upande gani?

#44 Chifu_Mbishi
Naweka upande wa mtu aliyekaa kwenye giza la Ireland miezi mitatu akauona mwale mmoja.

#45 Jicho_la_Tatu
Anakuja taratibu huyu.

#46 Mtu_wa_Makete
Ahsanteni wote, nimepata zaidi ya nilivyouliza, jamaa zangu wa darasani nitawatumia linki wabishane humu. Jumatatu nafikiria kupanda treni pale Heuston niende Kildare nikauone huo moto, sio mbali. Nesi hizo nyasi za msalaba zinapatikana wapi, au dukani?

#47 Nesi_Galway
Dukani utalipa bure. Shuka tu Kildare, shamba lolote lenye maji maji pembeni ya njia, muombe mwenye shamba kwanza. Ukifika na gambuti ndo vizuri.

#48 Vet_SUA
Samahani kurudi nyuma, @Kevo_Cork, yule beberu baada ya siku tatu wanamfanya nini?

#49 Kevo_Cork
Anarudishwa mlimani mkuu.

#50 MsomajiTu
Mfalme mzima anarudi mlimani na mchuzi wake? Hao watu hawajawahi kufika Dodoma.